Tukiutoa mpira wa chakula, tutakuwa tumemuua mama kwa njaa?

Shikamoo mama,

Nakuandikia saa tisa za usiku kwa sababu huu ndio muda pekee nyumba yetu inapokuwa kimya. Tuko watoto watatu, mimi ni wa katikati, naishi Tanga na ndiye ninayemuuguza mama yetu. Ana miaka 74. Amepata kiharusi mara tatu. Cha mwisho kilimpata wiki saba zilizopita, kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na sauti. Tulilazwa wiki tano, na sasa tuna wiki mbili nyumbani.

Mama hawezi kumeza. Hospitali walimjaribu kwa kijiko cha maji akapaliwa mpaka akabadilika rangi, ndipo wakamwekea mpira wa kulishia, ule unaopitia puani mpaka tumboni. Kila baada ya saa nne namsukumia uji mwepesi au maziwa kwa bomba la sindano. Pamoja na mpira huo, homa ya mapafu imemrudia mara mbili. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole alama inabaki. Daktari anasema figo nazo zimeanza kuchoka. Kila nikimaliza kumlisha nasikia kifua chake kinatokota kama chungu jikoni.

Mkono wa kushoto bado una nguvu kidogo, na kazi yake ni moja tu, kuuvuta mpira. Ameshautoa mara nne. Akiutoa namwita nesi tunayekaa naye mtaa mmoja, anakuja kuurudisha, damu inatoka puani na mama anatiririkwa na machozi. Sasa tunaufunga ule mkono kwenye kitanda, kwa kanga yake mwenyewe.

Tuliporudi kliniki daktari alinikalisha pembeni. Alisema mama hatarudi kuwa yule wa zamani, na kwamba kwa jinsi mwili unavyokwenda siku zake si nyingi. Akiutoa mpira tena, yeye angeshauri tusiurudishe. Dripu na antibayotiki pia anaona hazimsaidii tena. Tumsafishe mdomo, tumgeuze, tumpe dawa ya maumivu, tumwache apumzike.

Nilipoifikisha habari hiyo nyumbani, mama mdogo alipiga yowe mpaka majirani wakaja. "Mnataka kumuua dada yangu kwa njaa! Hata paka hanyimwi chakula!" Tangu siku hiyo akinikuta nimelala anamlisha uji kwa siri. Juzi alfajiri nilikuta uji umekauka shingoni mwa mama na kijiko kiko chini ya mto.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, anafanya kazi huko mwaka wa kumi na moja. Ndiye anayelipa kila kitu na hupiga video kila siku baada ya Isha. Anasema mama apelekwe Dar es Salaam akatobolewe tundu la kulishia tumboni, ikishindikana apelekwe India, na mpaka hapo hakuna mtu kutoa kitu chochote. Mdogo wetu wa kiume hasemi neno, anashinda barazani.

Mama mwenyewe, alipokuwa akimuuguza bibi mwaka 2009, alikuwa akituambia, "Mimi siku yangu ikifika mniache kwangu, msinitie mipira." Lakini watu husema mengi wakiwa wazima.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku wa Jumanne tulisahau kuufunga mkono, mama akautoa mpira. Sikumwita nesi. Nilikaa pembeni ya kitanda kwa muda wa saa mbili nzima namtazama. Alilala, uso ukalegea, kile kifua kikanyamaza. Sijamwona amelala vile tangu augue. Nikajikuta nasema moyoni, ee Mola mchukue hivihivi. Kisha nikashikwa na hofu, nikaenda kugonga kwa nesi.

Tukiutoa mpira tutakuwa tumemuua? Dini inasemaje, na sheria je? Na mimi niliyekaa saa mbili nikiomba vile, ni mtoto wa namna gani?

Binti wa kati, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama palepale, kwenye ile kanga. Nilikuwa nesi kwa miaka 31, kwanza wodini, baadaye nikizungukia wagonjwa majumbani kwao. Nami nimefunga mikono ya watu. Niliifunga kwa bandeji, kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Macho yao hayajanitoka. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, nenda ukamfungue mama. Akiuvuta mpira, mwache auvute, na asubuhi mpigie yule daktari umwambie umetoka. Ameshakwambia angeshauri usirudi, hutakuwa umevunja agizo la mtu.

Ukishamfungua, rudi tuzungumze.

Kinachowagombanisha hapo nyumbani ni neno njaa. Njaa tunayoijua sisi ni ya mwili unaotaka kuendelea kuishi. Tumbo linanguruma, kichwa kinauma, mtu anatafuta chakula kwa macho. Mwili uliofika alipofika mama yako haufanyi hivyo. Utumbo unapunguza kazi, figo haziwezi kuyatoa maji yote anayopewa, na kile unachosukuma kwa bomba hakigeuki kuwa nyama wala nguvu. Kinabaki ndani kikitafuta pa kukaa. Ndiyo hiyo miguu, na huko kutokota unakokusikia kifuani pia ni uji na majimaji yaliyokosa njia. Watu wengi hudhani mpira unazuia mgonjwa kupaliwa. Hauzuii. Mate yake mwenyewe yanaendelea kuteremka mapafuni, na cha tumboni kinaweza kupanda juu pembeni ya mpira. Ndiyo maana homa ya mapafu imemrudia mara mbili na mpira umo puani.

Haya yamepimwa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 32 waliokuwa wakifa na bado wana uwezo wa kueleza wanavyojisikia. Ishirini kati yao hawakuona njaa kabisa, na karibu wote waliobaki waliiona mwanzoni tu, ikaisha. Wenye kiu walitulizwa kwa maji kidogo na kulowanishwa midomo. Mwaka 2013 wengine huko huko waliwagawa wagonjwa 129 wa saratani waliokuwa karibu na mwisho. Kundi moja lilitiwa lita moja ya dripu kwa siku, jingine kiasi kidogo mno, mililita 100. Hawakutofautiana, si kwa mateso wala kwa siku walizoishi.

Lakini usinisikie vibaya. Sisemi mpira ni kitu kiovu. Ungeniandikia wiki ya kwanza ya kiharusi ningekwambia uwekeni haraka, maana nimewaona watu waliolishwa kwa mpira mwezi, miezi miwili, kisha koo likaamka, wakarudi kula ugali kwa mkono wao. Nilimpokea baba mmoja aliyekuja kunionyesha wodini kwamba anaweza kutafuna muwa. Mpira ni uleule, wakati ndio tofauti. Mwanzoni unampa mgonjwa muda wa kupona. Kwa mama yako, baada ya wiki saba, figo zinachoka na mapafu yamejaa, muda huo haupo tena na kilichobaki ni ule uchungu wa kuuingiza.

Nina wasiwasi mmoja lazima niuseme, kwa kuwa maneno kama haya yangu yameshatumiwa vibaya. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliandika mwongozo wa kuwahudumia wanaokufa, ukaitwa kwa jina la mji wa Liverpool. Nia ilikuwa kupeleka wodini ule upole wa hospisi, yaani huduma ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Ulipoenea kwenye hospitali nyingi, kuna mahali uligeuka karatasi ya kuweka alama za vema. Tume iliyoongozwa na Julia Neuberger mwaka 2013 ilisikia habari za wagonjwa walionyimwa maji wanayoyaomba na ndugu wasioambiwa kinachoendelea. Mwongozo ukaachwa mwaka 2014. Mimi habari hiyo iliniuma, maana kuacha kusukuma chakula tumboni mwa mtu asiyekihitaji ni jambo moja, na kumnyima maji anayeyataka ni ukatili. Hakuna jina la kitaalamu linaloweza kuusafisha. Kwa hiyo mama akifumbua macho, akageuza mdomo kuelekea kijiko, mpe. Mwinue kichwa, mpe matone mawili ya maji au asali kidogo kwenye ulimi. Huenda akakohoa. Akifunga meno au akageuza uso, amekujibu.

Sasa yale maneno ya mwaka 2009. Umeyaandika kwa haraka kama jambo la pembeni, na mimi ndiyo niliyoyapigia mstari. "Mniache kwangu, msinitie mipira." Unasema watu husema mengi wakiwa wazima. Ni kweli, lakini yeye hakuyasema akiwa harusini. Aliyasema mkononi ana beseni, anamwosha mama yake aliyekuwa akifa, anajua anachokisema kuliko mimi na wewe. Tena ameyarudia mara nne kwa mkono wa kushoto. Sitaki kuapa kwamba mkono ule unajua unachokitaka. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuvuta kitu kwa sababu kinamwasha tu. Ila mkono na maneno vikielekea upande mmoja, mimi huvisikiliza.

Familia ambazo hazina maneno kama hayo hupata tabu. Huko Florida, Marekani, mwanamke aitwaye Terri Schiavo moyo ulisimama ghafla Februari 1990, ubongo ukaharibika. Hakuwa ameandika lolote. Mumewe akasema alishamsikia akikataa kuishi hivyo, wazazi wakasema binti yetu hawezi kusema maneno hayo. Wakapelekana mahakamani miaka na miaka, mpira ukatolewa na kurudishwa, mpaka wabunge na rais wakaingia. Alifariki tarehe 31 Machi 2005, na watu waliompenda walikuwa hawawezi kukaa chumba kimoja. Ninyi mmeachiwa usia, japo wa mdomo. Waulize mama mdogo na mdogo wako kama nao waliusikia. Nina imani waliusikia. Huenda hata ukimya wa yule kijana barazani unatokana na hilo.

Umeuliza sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Ya Kenya nayo ni hivyo. Ukimchoma mama sindano ili afe, umeua, iwe kwa huruma au kwa chuki. Kusimamisha tiba isiyomfaa ni jambo jingine, lakini usilifanye peke yako usiku. Mwombe daktari aandike kwenye faili kwamba chakula cha mpira na dripu havimsaidii na ameshauri visiendelee, atie saini, nanyi wawili watatu muwepo. Jambo hili majaji wa juu wa Uingereza walilitolea uamuzi Februari 1993, kwa habari ya Tony Bland, kijana wa miaka 18 aliyebanwa kwenye msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 na hakupata fahamu tena. Walisema kulisha kwa mpira ni sehemu ya matibabu, si sawa na kumpelekea mtu sahani, na tiba isiyo na faida kwa mgonjwa inaweza kusimamishwa. Alifariki mwezi uliofuata. Uamuzi ule wapo wanaoupinga mpaka leo, na ninawaelewa, maana yule kijana alikuwa akipumua mwenyewe na hakuwa karibu kufa. Mama yako hayuko hapo. Yeye mauti yamefika mlangoni, mpira uwepo usiwepo.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni. Nitakwambia niliyoyapata kwa kukaa na masheikh kwenye vitanda vya wagonjwa. Kwa Shafii, madhehebu ya wengi pwani yetu, kujitibu kumehesabiwa kuwa sunna. Na iko hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwalazimisha wagonjwa kula na kunywa, akasema Mwenyezi Mungu huwalisha na kuwanywesha. Mama mdogo hiyo angependa kuisikia. Lakini kuhusu chakula cha mpira wanavyuoni hawajakubaliana. Wapo wanaokihesabu kuwa chakula, na kumnyima mtu chakula hakuruhusiwi. Hata kwa Wakatoliki iko hivyo: Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2004 alikihesabu kuwa matunzo ya kawaida ambayo kwa kanuni yasikatishwe maadamu yanamlisha mgonjwa na kumpunguzia mateso, ilhali kanisa lake linaruhusu kuacha tiba iliyogeuka mzigo usio na kiasi.

Kwa hiyo nendeni kwa sheikh mnayemwamini, lakini angalieni mnavyouliza. Ukimwambia, "Sheikh, inafaa kumnyima mama chakula?" atakujibu haifai, na angekosea kujibu vingine. Mweleze ulivyonieleza mimi. Mwambie hamezi, kinachoingia kinakwenda mapafuni, figo zinachoka, daktari anasema hakimsaidii, mwenyewe aliusia, na tunamfunga mkono. Afadhali aje nyumbani amwone. Nimeona fatwa ikibadilika mlangoni mwa chumba cha mgonjwa.

Nije kwa kaka yako. Usimchukie. Mtu aliye mbali hulisha kwa pesa, ndiyo mkono wake. Kila baada ya Isha anaona uso wa mama kwenye simu, uso uliooshwa, umepakwa mafuta, na kanga iliyofunga mkono iko nje ya picha. Hajausikia ule mtokoto wa kifua. Leo akipiga, weka simu karibu na kifua cha mama unapomlisha, umwache asikilize kimya. Mwonyeshe miguu. Kisha mwambie hivi: "Kaka, pesa ya kumtoboa tumbo nunua tiketi uje umshike mkono angali na joto." Safari ya Tanga mpaka Dar ni mwendo wa kutwa kwa mgonjwa asiyejiweza, na tundu la tumboni haliwezi kuzuia mate kwenda mapafuni. Nimeona wengi waliotoka Uarabuni wakiwa na marobota ya pampasi na dawa, wakafika siku ya arobaini.

Hapa nitoke kidogo kwenye habari yako, kwa sababu najua nani wengine wanasoma. Kuna familia wanaotoa mipira na kuzima dripu kwa sababu pesa imekwisha. Mgonjwa bado ana nafasi, bili imezidi, wanamrudisha nyumbani wakisema tumwachie Mungu. Mimi sitawahukumu, nimeona mtu akiuza shamba na bado halikutosha. Lakini hilo ni jambo tofauti kabisa na ninalolieleza hapa, tena ni dhuluma, na daktari anayeona familia inaondoka hivyo anapaswa kuwauliza waziwazi kama ni mgonjwa aliyechoka au ni mfuko, kisha awapeleke ustawi wa jamii kabla hawajabeba mtu wao.

Turudi kwa mama mdogo. Huyo ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Anamwona dada yake, mkono wake umezoea kupika, na mmemwambia asifanye kitu. Hawezi. Mpokonye kijiko ukiwa na kitu cha kumpa. Mpe mdomo wa mama uwe wake. Achukue kitambaa laini cheupe, akizungushe kwenye kidole, akichovye kwenye maji safi ya kunywa, akikamue kisidondoke, aufute ulimi, mashavu kwa ndani na ufizi. Kisha mafuta kidogo kwenye midomo. Afanye hivyo kila saa, au kila anapoona midomo imekauka. Mkiwa na maji ya Zamzam, chovyeni hayo. Mgonjwa anayekaribia mwisho, kiu yake iko mdomoni zaidi, na dada anayemlowanisha mdomo amemnywesha kweli. Niliwahi kumwona bibi mmoja aliyekuwa mkali kama huyu wenu, alifanya kazi hiyo siku sita, na alipomaliza alikuwa hagombani na mtu tena.

Wewe na mdogo wako mgeuzeni kila saa mbili au tatu, mto katikati ya magoti, mwangalie mgongo na visigino. Huyo kijana mtoeni barazani, ana nguvu za kubeba. Mwulize daktari kuhusu mofini ya maji kwa ajili ya maumivu na kuhema kwa shida, na dawa ya kupunguza majimaji kooni. Mofini watu wanaiogopa wakidhani ndiyo inayoua. Ikipimwa sawasawa inatuliza tu, na ndiyo dawa ninayoililia kuliko zote, maana nimeshuhudia wagonjwa wakiikosa. Uganda waliona mbali, tangu 2004 wanaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kuiandika wenyewe. Kwenu, daktari aandike. Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam wana uzoefu nayo, na Muheza, jirani zenu, huduma ya hospisi katika hospitali teule ilianza miaka ya mwanzo ya 2000. Ulizeni huko kama kuna nesi anayefika majumbani.

Mpira ukishatoka, huenda akakaa siku chache, huenda wiki moja au mbili. Usihesabu. Atalala zaidi. Mkojo utapungua na kuwa mzito. Mikono na miguu itapoa, itabadilika rangi. Pumzi itakimbia, itasimama mpaka mshtuke, kisha itarudi. Koo linaweza kukoroma kwa mate asiyoweza kuyameza. Mlazeni ubavu, inasaidia, na mara nyingi sauti ile inawatesa ninyi kuliko yeye. Ongeeni naye, kusikia huchelewa kuondoka. Msomeeni Yasini, mlakinieni shahada kwa upole bila kumchosha. Asipigiwe kelele za kugombania chochote ndani ya chumba kile.

Nimeliacha la mwisho uliloniuliza, kwa kuwa nilitaka ujue hayo yote kwanza. Uliketi saa mbili ukimtazama mama amelala. Wewe umeziandika kama kosa lako. Mimi naona katika wiki saba hizo ndizo saa mbili ulizokuwa binti yake tu, hukuwa na bomba mkononi wala kanga ya kufunga. Ulimwomba Mola amchukue akiwa ametulia. Hukumwomba amchukue ili upumzike wewe, ingawa nawe umechoka na hata hilo lisingekuwa dhambi ya kukunyima usingizi. Nimewasikia watoto wema wakiomba dua hiyo usiku wodini, wakiinamisha kichwa kwenye chuma cha kitanda, na asubuhi wakinikwepa macho kama walioiba. Nilikuwa nikiwaletea chai.

Nenda kalale angalau mpaka alfajiri, umwamshe mdogo wako akae na mama. Ukishaongea na daktari niandikie amesemaje kuhusu mofini, na kaka yako anafika lini.